Mleta mada, mzuie huyo fundi wa plasta mpaka apande juu ya chimni

Mkuu, mpigie huyo fundi sasa hivi umwambie kesho asije. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba chimni yako ya tofali za kuchoma huko Mafinga inatoa ungaunga mweupe kwa nje, tofali zinamomonyoka, siling ina doa la maji karibu na ukuta wa moto, na fundi kakwambia dawa ni plasta ya saruji halafu rangi ya mafuta, laki nne na nusu, kazi imeisha. Nimefika kwenye "plasta" tumbo likanikata. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Njombe mwaka 2017. Hata "kazi imeisha" ilikuwemo.

Yangu ni nyumba ya zamani niliyoinunua kwa mstaafu mmoja. Chimni inatokeza juu ya bati kama mita moja na nusu, tofali nyekundu zile laini, zimejengwa kwa mota ya chokaa, yaani ule mchanganyiko wa kuunganishia tofali. Juni na Julai Njombe bila moto sebuleni hukai, mnaojua mnajua. Sasa mvua za Novemba zikaanza, nikaona chumvi nyeupe ubavuni, na kila nikifagia chini ya mfereji wa bati nakuta vumbi jekundu kama pilipili ya kusaga. Nikaita fundi. Akasimama uani, mikono mfukoni, kichwa juu kama anatafuta mwezi wa Ramadhani, akasema, "Bosi, tofali zimechoka. Tunazivalisha koti."

Koti! Mtu anayetetemeka ukimwambia koti anatoa hela bila kuuliza. Nikatoa.

Hakupanda. Namaanisha siku ile ya kutaja bei hakupanda. Alipanda baadaye na mwiko wake, akapiga plasta ubavuni mpaka juu, akashuka. Kile kilichokuwa kinaniua, yaani kofia ya zege iliyofunika kichwa cha chimni, alikiruka kama hakioni. Maji hayakuwa yanaingilia ubavuni hata kidogo. Yalikuwa yanaingilia juu, kwenye ufa wa kofia, yanashuka ndani ya ukuta, na ile chumvi niliyoiona nje ni mahali yalipokuwa yanatokea.

Tofali la kuchoma linakunywa maji mvua ikinyesha, linayatema jua likitoka. Mota ya chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo unyevu mwingi unapitia kwenye jointi, ile mistari ya mota kati ya tofali na tofali, na kama kuna kitu cha kuoza kinaoza jointi, ambayo unaikwangua na kuijaza upya. Fundi wangu alichanganya saruji moja kwa mchanga tatu, "iwe ngumu bosi", akaikandika juu ya hizo tofali laini, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Hapo umefunga mlango wa kutokea, na wa kuingilia umeuacha wazi kule juu. Chimni nayo inapata moto na kupoa kila usiku, kwa hiyo plasta ngumu lazima ipate nyufa nyembamba kama unywele, na humo maji yanafyonzwa tena. Yamejaa, hayana pa kwenda. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, inasukuma uso wa tofali nje.

Msimu wa kwanza ilipendeza, majirani walisifu, mke wangu alipigia picha ya sikukuu. Msimu wa pili nasafisha mfereji, nikaokota kipande chembamba kama biskuti. Upande mmoja rangi ya krimu, safi, inang'aa kama ya jana. Nikakigeuza: tofali jekundu, limelowa, lina mistari myeupe kama sukari iliyomwagika. Niliganda kwenye ngazi nikikitazama. Plasta haikubanduka kwenye tofali. Tofali lenyewe lilikatika likaifuata plasta.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikamwita fundi yule yule. Akaziba, akapaka tena, laki na ishirini. Chekeni tu, shemeji yangu mpaka leo ananiita Koti.

Na yule muuza duka la vifaa aliyeniuzia rangi, huyo simsamehi. Kalipiga kopo kwa kiganja: "Hii haipitishi maji, miaka kumi." Kweli haikupitisha. Yaliyokuwa ndani hayakutoka.

Msimu wa tatu siling ya sebule ikaanza kuning'inia, na usiku mmoja tumewasha moto nikasikia harufu ya moshi darini. Hapo nilizima moto kwa ndoo bila kumuuliza mtu. Moshi ukifika darini maana yake ukuta wa chimni umefunguka mahali, na pale kuna kenchi, mbao za kubebea paa, kavu za miaka hamsini. Cheche moja tu. Na ile hewa ya sumu ya moto usiopumua vizuri haina harufu, inakuta watu wamelala. Kama na wewe unasikia moshi darini, acha kuwasha kabisa mpaka irekebishwe.

Ndipo nikaletewa mzee mmoja aliyejengea misheni ujana wake. Hakusema "bosi", hakusema bei. Alivua viatu, akafunga ngazi kwa kamba, akapanda. Baada ya dakika tano akamwambia mpwa wangu apande na simu, maana mimi na kilo zangu 96 bati haziniruhusu. Kwenye video naiona kofia: ufa umeikata kutoka upande hadi upande, mzee akachomeka sarafu ya mia mbili, ikasimama wima yenyewe. Halafu kofia ilikuwa imekatwa sawasawa na ukuta, kwa hiyo kila tone lilitambaa ubavuni badala ya kudondoka. Tulipobandua koti, tofali zilikuwa kama mkate uliosahaulika kwenye chai. Kidole kinaingia.

Tukabomoa mpaka chini ya bati, tukajenga upya. Milioni mbili na laki nane, siling nje ya hesabu. Kofia peke yake mwaka 2017 ingenila mfuko wa saruji na siku moja ya kazi.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja, nimemwandikia hata mwanangu anayejenga Makambako: hakuna kutaja bei kabla ya kupanda juu. Akisema "naona tu kutoka hapa", mpe nauli aende.

Bati zikiwa kavu, ngazi imefungwa, aliyepanda achukue video ya kofia kwanza. Kofia iliyo nzima ina mteremko kutoka katikati kwenda pembeni, inatokeza nje ya ukuta kama sentimita 5 kila upande, na chini ya ukingo ina kamfereji ka kudondoshea maji. Kisha achome jointi na msumari. Ikitoka unga, hiyo jointi imekwisha. Agonge tofali kwa mpini wa nyundo: zima linalia, lililooza linaitika kama kiazi. Na atazame pale chimni inapotoka kwenye bati. Bati la kukingia maji linatakiwa lichomekwe ndani ya jointi kama sentimita mbili na kuzibwa, si kubandikwa kwa lami juu ya tofali. Lami ikikauka inaachia, na doa la siling yako linaweza kuwa limetokea hapo. Majani yaliyojaa upande wa nyuma atoe.

Kutengeneza: kofia kwanza. Jointi zikwanguliwe sentimita mbili kwa patasi, si grinda, zijazwe saruji ndoo 1, chokaa 2, mchanga 9. Fundi atakwambia hiyo ni dhaifu. Mwambie ndiyo, ndivyo ninavyotaka. Afunike na magunia yenye maji siku kadhaa isikauke haraka. Tofali lililooza litolewe moja moja, liwekwe la aina ile ile. Ubavu uache uchi, ubaki mwekundu, na ile chumvi nyeupe isugue kwa brashi kavu tu. Ukiimwagia maji unairudisha ndani.

Mkipanda, chomekeni sarafu kwenye ufa, mpige picha uiweke hapa tuone inasimama au inadumbukia.