Kabla hujalipia chumba Kisumu, uliza steji iko wapi

Kila Septemba simu yangu hujaa swali la aina moja: mtoto wa fulani ameitwa chuo Kisumu, kuna chumba Nyamasaria cha bei nzuri, tuchukue? Sina haja ya kujua kama kimewekwa vigae au kama keateka, yaani msimamizi wa nyumba, ni mtu mzuri. Nauliza hivi: akitoka mlangoni anapanda nini, anashukia wapi, na akishuka amefika au anatafuta gari lingine?

Nilitoka Mbale, Vihiga, nikaja kusoma diploma hapa na sijaondoka tangu hapo. Nimeona wanafunzi wengi wakihama chumba katikati ya muhula, na mara nyingi si kwa sababu ya kodi. Ni nauli.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tuseme unalipa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 14 za muhula. Hizo ni 7,000, na ni gari moja tu. Ukilazimika kuunganisha gari la pili la bei hiyo hiyo, zinakuwa 14,000. Sasa mtu akikwambia chumba cha mbali kina nafuu ya 1,500 kwa mwezi, kwa miezi minne amekuokolea 6,000 na barabara imekula 7,000 zaidi. Bado hatujataja jioni za mvua nauli inapopanda bila taarifa, wala Jumamosi mnapoitana kwa kazi ya kikundi, wala usingizi. Kwa hiyo chumba kidogo cha Manyatta au Nyalenda unachoweza kurudi kwa miguu kinashinda bedsita ya mbali, hata kama bafu ni la nje.

Ukienda kukagua chumba, usiende Jumapili. Jumapili soko la Kibuye linamwagika hadi barabarani, na msongamano utakaoukuta si wa kila siku. Barabara nyingine nazo huwa nyeupe kiasi kwamba utadhani unaishi karibu. Nenda siku ya kazi, uwe mlangoni kwa hicho chumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha uelekee chuoni kama vile una kipindi cha saa mbili. Keateka atakushangaa. Mwache ashangae.

Mji wenyewe si mgumu kuushika. Jomo Kenyatta Highway inapanda kutoka katikati ya mji, inapita Kibuye, inafika Kondele, halafu inakuwa njia ya Kakamega. Barabara ya Nairobi inatokea Nyamasaria kuelekea Ahero. Ya Busia inapita uwanja wa ndege, Otonglo na Kisian hadi Maseno. Ukijua chuo chako kiko upande wa barabara ipi, tafuta chumba upande huo huo. Anayevuka mji mzima kila asubuhi ndiye anayelipa mara mbili.

Jifunze pia majina ambayo watu wanatumia. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ina jina refu rasmi, lakini kwa mwenye tuktuk ni Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Mwanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, anayesema "nipeleke Russia" anafika. Anayesoma jina zima kutoka kwenye barua ya chuo anatambulika kuwa mgeni, na bei ya mgeni unaijua. Ndiyo maana nasema hata Kijaluo kidogo kinalipa. "Oyawore" asubuhi, "pesa adi?" kabla ya kupanda, "ero kamano" ukishuka. Hutakiwi kujua zaidi ya hapo mwezi wa kwanza, na mama wa kibandani atakuita nyathina, yaani mwanangu, kabla wiki haijaisha.

Tuktuk ndiyo gari la mwanafunzi hapa. Zile za kuchangia hubeba watatu nyuma na kufuata njia zao, kwa hiyo sema unakoenda kabla hujaketi, la sivyo dereva atafikiri umeikodi yote, na ukishuka ni kelele. Beba sarafu. Dereva wa saa kumi na mbili unusu hana chenji ya noti ya elfu moja, na kumtumia kwa M-Pesa kunategemea kama simu yako ina chaji na mtandao haujalala. Mimi huweka nauli ya kurudi katika mfuko tofauti kabisa na pesa za chakula, kwa sababu chapati za saa nne zina nguvu kuliko nia njema.

Bodaboda iweke kwa dharura. Patana bei ukiwa bado umesimama chini, dai helmeti, na usikubali kupakiwa wawili. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Waliopanga foleni steji na kujuana kwa majina ni salama zaidi kuliko yule anayekufuata pole pole barabarani akikuita "customer".

Matatu inahitaji maelezo zaidi, hasa kwa wanaosoma Maseno huku wakiishi mjini. Ni umbali wa kama kilomita 25, na ukiangalia ramani utadhani ni nusu saa. Ramani haijui kwamba gari haliondoki mpaka lijae. Makanga atakwambia limebakisha mtu mmoja. Ingia uangalie walioketi. Wale vijana wawili wa kiti cha nyuma wasio na begi, wasio na simu mkononi, wanaopiga soga na makanga kupitia dirishani, hao si abiria. Wamekalishwa kujaza viti ili gari lionekane limekaribia kuondoka. Kila abiria wa kweli anapoingia, mmoja wao anateremka. Dereva naye ananguruma, anasogea hatua mbili mbele, anarudi hatua mbili nyuma, na saa inakwenda. Ukiwaona, hesabu viti vyao kama vitupu, kisha uamue. Mara nyingi ni heri gari lenye akina mama wa soko na mizigo yao, kwani hakuna anayekodishwa kukaa na kikapu cha omena mapajani.

Magari ya Busia nayo hupita Maseno, ila kondakta anampenda anayefika mwisho wa safari. Uliza kabla ya kupanda kama wanakubali wa Maseno na kwa pesa ngapi, kisha ukae karibu na mlango. Jipe saa nzima na zaidi kidogo. Kama ratiba yako ina kipindi mjini na kingine Maseno siku moja, ongea na mhadhiri au mbadilishane kundi mapema, wiki ya kwanza, kabla orodha hazijafungwa. Hakuna mbio zitakazokuokoa hapo.

Mvua ya Kisumu ina tabia ya kungoja. Mchana jua linachoma hadi unasahau, kisha alasiri au jioni wingu linajikusanya na kushuka kwa hasira. Msimu wa Machi hadi Mei ndio mbaya zaidi. Ukikaa Nyalenda au Nyamasaria, udongo mweusi wa huko ukilowa unanata kwenye kiatu mpaka unatembea ukiwa mrefu kuliko ulivyozaliwa. Wenyeji wana viatu viwili: vya plastiki vya kutoka nyumbani hadi lami, na vya darasani vilivyomo ndani ya begi. Wakifika lami wanaosha miguu kwa maji ya chupa, wanabadilisha, wanaendelea na safari. Hakuna anayecheka. Daftari zifunge kwenye kitu kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi nunua kifuniko cha begi, si ghali.

Baiskeli? Ndiyo, kama unakaa upande wa tambarare, kutoka Nyalenda hadi mjini kwa mfano. Chukua iliyotumika, mpeleke fundi wako aikague, na mnyororo upite kwenye fremu, si gurudumu peke yake.

Ukishafika chuoni kuna safari nyingine, ya ndani. Ratiba itakuandikia herufi na namba, na herufi hizo anazijua askari wa getini kuliko mtu yeyote. Msalimie. Jioni moja kabla masomo hayajaanza, chukua ratiba yako uzunguke na kugusa kila mlango uliotajwa, pamoja na vyoo na bomba la maji ya kunywa. Kampasi nyingi za mjini zimetawanyika kwenye majengo ambayo chini yana maduka na juu yana madarasa, kwa hiyo mlango wa kuingilia huwa pembeni, kati ya duka la simu na kinyozi. Kitambulisho cha chuo kikae kwenye mfuko wa mbele. Na ingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa siku ya kwanza, maana chumba kikibadilishwa, tangazo la ubaoni ndilo la mwisho kujua.

Vipindi vya jioni ndivyo vinavyowaumiza wengi, hasa dada zetu. Vikiisha saa mbili usiku, tuktuk za kuchangia zimepungua na bei imepanda. Sisi tulikuwa watano wa njia moja, tukampata dereva mmoja wa makamo, tukapatana naye bei ya wiki. Alikuwa akifika saa mbili kasoro dakika chache, anawasha taa moja, anangoja. Wa Kibuye alishuka kwanza, wa Kondele katikati, sisi wa Manyatta mwisho, na hakuondoa gari mpaka aone mlango umefunguliwa. Siku asipoweza alimtuma mwenzake na kututumia namba ya usajili mapema. Mkipata mzee wa aina hiyo, mlipeni Ijumaa bila kukumbushwa, hata mkopo ukichelewa.