Pombe, marufuku na kosa la mtu usiyemjua: kwa mnaokuja Japani

Wadogo zangu mlioacha Kenya mkala kiapo cha jeshi la majini la Marekani na sasa mmepangiwa Japani, kuna siku mtaamka mkute mmekatazwa kunywa kwa kosa la mtu ambaye hata sura yake hamwijui.

Mimi yalinikuta Yokosuka, kambi ya majini karibu na Tokyo, Juni 2016. Baharia mwenzetu aliyekuwa Okinawa, kisiwa cha kusini kabisa mwa Japani, kilomita kama 1,500 kutoka kwetu, aliendesha gari amelewa, akaingia barabara kuu upande usio wake, akagonga magari mawili na kuumiza watu. Haikupita wiki, amri ikashuka: mwanamaji yeyote aliyeko Japani asiguse pombe, ndani ya kambi wala nje. Waliopanga mjini waliruhusiwa tu kuja kazini, kurudi kwao na kufanya ya lazima, kama kununua chakula na mafuta ya gari.

Nilinuna. Nimelelewa Kisabato Nyamira, bia kwangu ilikuwa ya nadra. Nilijisikia kama usiku ule bweni zima tulipopigishwa magoti kwa sababu ya mwizi wa mkate.

Ila jueni Okinawa ilikuwa na msiba. Mwezi uliotangulia, mfanyakazi wa kambi aliyewahi kuwa mwanajeshi alikamatwa kwa kifo cha binti wa miaka 20. Mkoa huo mdogo umebeba takriban asilimia 70 ya ardhi ya kambi za Marekani nchini Japani. Mwenyeji hatofautishi meli yako na ya mwenzako, na sidhani anawajibika kutofautisha.

"Si mimi niliyekosa" haimsaidii mtu. Kwenye karatasi, marufuku ile si adhabu, ni amri, na ukiivunja kosa sasa ni lako binafsi, chini ya Kifungu cha 92 cha sheria ya kijeshi. Kijana wa idara yetu alikunywa makopo mawili nyumbani kwake, akajipiga picha, akaituma kwa marafiki. Alishushwa cheo na kukatwa mshahara. Yule mlevi wa Okinawa hakuwahi kumwona.

Kwetu wahamiaji kuna la ziada. Uraia uliopata kwa njia ya utumishi wa jeshi unaweza kufutwa ukiachishwa kwa sifa mbaya kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi mwema. Likumbuke hilo kila unapoambiwa "moja tu, nani atajua?"

Kuhusu gari: majimbo mengi ya Marekani kikomo cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.08, Japani ni 0.03. Ukilala saa nane usiku umelewa, saa kumi na mbili asubuhi alkoblo (kipimo cha pombe kwenye pumzi) bado itakukamata. Abiria aliyepanda akijua dereva kalewa naye hushtakiwa, na aliyewapa pombe pia. Ukinywa, piga simu ya daiko: wanakuja wawili, mmoja anakuendeshea gari lako hadi nyumbani, mwenzake anafuata nyuma na gari lao.

Na kabla hujatoka getini muulize chifu wako, yaani msimamizi wako jeshini (si yule wa lokesheni), amri ya wiki hii inasemaje. Hubadilika, na ya mwezi jana haikutetei.

Jioni zile za marufuku tulizimalizia kwa Mkenya mmoja mwenye familia, tukisonga ugali wa unga wa dukani kambini. Ule unga haushikani upesi. Uupe muda motoni, msiukimbilie kuuongeza.