Komeo la kubana: anza na kipimo, keekee baadaye

Ndugu, nimekuelewa: kusi likivuma, maji yanapenya chini ya mfuniko wa sitaha ukitoka Kilindini, nawe unataka kufunga komeo la kubana, yaani komeo linalouvuta mfuniko chini ukandamize mpira wa kuzuia maji ulio ukingoni.

Pima kwanza unene wa mfuniko pamoja na mpira ukiwa umebanwa kidogo. Kipimo hicho ndicho kitakachokuchagulia komeo. Nunua la chuma cha stenlesi cha daraja la 316, maana daraja la 304 hushika kutu upesi zaidi baharini. Ukitoboa faibaglasi, vaa barakoa.

Hapa nakusihi usiharakishe: paka epoksi kingo zote za tundu. Usipopaka, na kama ndani ya faibaglasi mna mbao, mbao hiyo itanyonya maji na kuoza polepole bila wewe kuona.

Kaza nati ya komeo mpaka karatasi iliyobanwa kwenye mpira ivutike kwa shida. Ukizidisha, mpira utabaki bapa, usirudi tena. Sitaha ikibonyea ukiikanyaga, usitoboe. Muite fundi wa boti.