Maswali ya Wasomaji: Sungura Hashikwi Masikio

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha darasa la tatu mjini Morogoro, na muhula huu tunakusudia kuwapeleka wanafunzi kwa mfugaji wa mbuzi, kuku na sungura. Wengi wao hawajawahi kumkaribia mnyama. Je, ni kweli kwamba sungura hushikwa masikio? Na wakiuliza kwa nini mbuzi hana meno ya juu, tuwajibu nini? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, tunakushukuru kwa kuuliza mapema. Sungura hashikwi masikio, ingawa sokoni wengi hufanya hivyo. Masikio yake yana mishipa mingi ya damu inayomsaidia kupoza mwili, na hayakuumbwa kubeba uzito wake. Anayembeba hutia mkono mmoja chini ya kifua na wa pili chini ya makalio, kisha humwegemeza kifuani pake, kwa sababu miguu ya nyuma ikining'inia sungura hupiga mateke, na nguvu ya mateke hayo inaweza kumvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Watoto wa umri huo ni afadhali wakae chini, naye mfugaji awawekee mapajani.

Lipo jambo ambalo wageni hawalijui, nalo ndilo linalomtesa sana mnyama huyu: sungura mwenye hofu mara nyingi halii wala hakimbii, bali hujikunyata akatulia tuli, masikio ameyalaza mgongoni na macho ameyakodoa. Anayempapasa hudhani kwamba anafurahia. Wafundisheni watoto kuzitambua dalili hizo, na wakiziona wamwache arudi bandani. Tena wamwendee kwa ubavuni, kwa kuwa macho yake huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua.

Mbuzi anayo meno ya juu, ila ni magego tu. Mbele ana ufizi mgumu, ambao meno ya chini huubana wakati wa kukata majani. Majani hayo huyameza haraka, kisha akipumzika huyacheua na kuyatafuna upya. Tumbo lake lenye vyumba vinne limezoea majani, kwa hiyo msiruhusu alishwe mikate na biskuti, kwani wanga mwingi wa ghafla huchachuka humo na kuzalisha asidi inayoweza kumuua.

Bila shaka watauliza pia kama kuku hutaga bila jogoo. Hutaga, lakini yai hilo halitoi kifaranga. Lililorutubishwa huatamiwa kwa siku 21 hivi. Vifaranga huvutia watoto kuliko wanyama wengine wote, na hapo ndipo tunapowaomba muwe waangalifu, maana hata kifaranga mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaosababisha homa na kuhara. Wasiwabusu, wasile chochote bandani, na kila mmoja anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kufungua chakula chake.