Njaa ya kuunganisha ndege: majibu kwa maswali yenu

Nina saa tatu kati ya ndege mbili. Nitapataje chakula kizuri uwanjani?

Saa tatu za kwenye tiketi si saa tatu za kula. Ondoa muda wa kushuka, foleni ya ukaguzi na mwendo wa kwenda langoni, tena lango hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya ndege kuondoka. Kwa hiyo lijue kwanza lango lako lilipo, ndipo urudi kutafuta chakula.

Ukishafika kwenye migahawa, acha mabango, tazama jiko. Viwanja vingi hubana matumizi ya moto na gesi, hivyo chakula kingi hupikwa kwingine na kuja kupashwa moto pale. Si lazima kiwe kibaya, ila chagua kinachostahimili kupashwa: supu, mchuzi, maharage. Vya kukaanga vilivyolala chini ya taa ya joto achana navyo. Niliwahi kununua viazi vya namna hiyo. Nilipochoma kimoja kwa uma kilipinda kama kandambili, hakikukatika.

Na kama huoni haya kuuliza, mfuate anayesukuma toroli ya usafi umuulize, "Wewe unakula wapi?" Viwanja vingine vina kantini ya wafanyakazi inayopokea na abiria, na hapo mpishi anawapikia watu watakaorudi kesho kumlalamikia.

Nitoke nje nikale mjini?

Kama huhitaji viza na una zaidi ya saa sita, nenda. Chini ya hapo utakula ukiangalia saa.

Naruhusiwa kupita na chakula changu ukaguzini?

Kikavu kwa kawaida hupita. Kinachowaponza watu ni kilaini: siagi ya karanga, mtindi, jamu na asali huhesabiwa kama vimiminika, na tangu 2006 viwanja vingi vimeweka kikomo cha mililita 100 kwa chombo. Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani, kwa hiyo kopo kubwa lenye vijiko viwili vya jamu nalo litaachwa mezani kwa mkaguzi. Chupa ya maji ipitishe tupu, uijaze ndani. Matunda na nyama vimalize kabla ya kutua, maana nchi nyingi haziruhusu viingie.

Ndege ikichelewa, chakula ananunua nani?

Inategemea unaruka kutoka wapi. Ukiondokea nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inalibana shirika lolote: safari isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa saa mbili, wanakudai subira na wewe unawadai mlo. Safari ndefu zaidi husubiri saa tatu au nne. Kwingineko nenda tu kaunta ukaombe kuponi ya chakula. Asiyeuliza mara nyingi hapewi. Ukijinunulia, tunza risiti.

Mbona tumbo hunijaa gesi nikila kabla ya kupanda?

Hewa ndani ya ndege angani huwa na mgandamizo kama wa mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na gesi iliyomo tumboni hutanuka. Punguza soda, kabichi na maharage. Ndiyo, najua nimetoka kuyasifia hapo juu. Yale ni ya mwenye kiti cha pembeni mwa njia.