Maswali na majibu: Katia Krafft na kazi ya volkano

Tangu nilipoandika juu ya Katia Krafft, mwanasayansi wa Ufaransa aliyetumia zaidi ya miaka 20 akizifuata volkano pamoja na mumewe Maurice, barua zimeendelea kufika. Hapa najibu saba. Nyingi kati ya zilizobaki zinauliza mambo niliyokwisha kuyaeleza kinagaubaga, nami nawaomba wenye nazo waisome tena makala ile kabla ya kuandika.

Mwalimu, si mumewe ndiye aliyekuwa mtaalamu, na Katia akawa anamfuata tu? Na watoto alikuwa akimwachia nani? (Msomaji, Ujiji)

Swali hili limeletwa kwangu mara nyingi mno. Katia, aliyezaliwa mwaka 1942 katika eneo la Alsace, alisomea fizikia na kemia katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Maurice alikuwa mwanajiolojia, yeye alikuwa mkemia. Mumewe alishika kamera ya filamu, yeye akapiga picha za mnato na kuchota gesi kwenye nyufa za mlima. Walioana mwaka 1970, na hawakuwa na watoto kwa hiari yao wenyewe. Katika miaka yote ya kuandika safu hii, sijapata barua hata moja inayouliza watoto wa wanajiolojia wanaume hubaki na nani, na jambo hilo linanisikitisha.

Mtu aliyekufa kwa kuusogelea moto amejitakia mwenyewe. Kwa nini unamsifu? (Mvuvi, Kibirizi)

Simsifu kwa namna alivyokufa. Tarehe 3 Juni 1991, kuba la lava, yaani mwamba ulioyeyuka, lililokuwa limejijenga juu ya Mlima Unzen huko Japani lilimeguka, na wingu la gesi, majivu na mawe ya moto likaporomoka bondeni kwa kasi isiyokimbilika, likaua watu 43, wakiwamo waandishi wa habari, wazimamoto, madereva, Katia na Maurice, pamoja na mwanasayansi mwenzao wa Marekani, Harry Glicken. Walikuwa ndani ya eneo ambalo wakazi walikwisha kutakiwa kuondoka, na wingu la siku hiyo lilikuwa kubwa kuliko yaliyotangulia. Kusimama pale lilikuwa kosa, na silifichi.

Hata hivyo, si haki kumpima mtu kwa saa yake ya mwisho peke yake. Mwezi Novemba 1985, volkano ya Nevado del Ruiz huko Kolombia iliyeyusha barafu ya kilele chake, mito ya matope ikaufunika mji wa Armero usiku, na watu wapatao 23,000 wakafa, ingawa ramani ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa wiki kadhaa kabla. Katia na Maurice walikwenda kuyaona maafa yale. Baadaye wakatengeneza filamu ya kumwonyesha mtu wa kawaida, kwa macho yake mwenyewe, jinsi majivu, matope na mawingu ya moto yanavyoua, kwa kuwa ramani ya wataalamu haikutosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Filamu hiyo, hata kabla haijakamilika, ilionyeshwa kwa viongozi na wananchi wa Ufilipino wakati Mlima Pinatubo ulipoanza kuamka mwaka 1991. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa, na mlima ulipolipuka vibaya tarehe 15 Juni, siku 12 baada ya kifo cha Katia, watu hao walikuwa mbali na mabonde yaliyojaa moto. Wewe, ndugu yangu, unaijua thamani ya mtu anayerudi kutoka ziwani na kuwaambia wenzake kwamba upepo umegeuka. Kazi ya Katia ilikuwa ya namna hiyo.

Aliwahi kufika Tanzania? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kibondo)

Ndiyo. Mwaka 1988 akina Krafft walifika Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Ndio volkano pekee duniani ambayo katika zama zetu imeonekana ikitoa lava ya kaboneti, yaani madini ya jamii ya magadi, iliyo nyepesi kama mafuta, nyeusi inapotoka na nyeupe inapokwisha kukutana na unyevu wa hewa. Vipimo vya joto la lava hiyo, vilivyochapishwa mwaka uliofuata na Maurice pamoja na mwanajiolojia Mjerumani Jörg Keller, vilikuwa nyuzi 500 hivi za selisiasi, wakati lava ya kawaida hufikia 1,100 na zaidi. Naona aibu kwamba mwanafunzi wetu anaweza kumaliza shule akiwa amekariri Vesuvio ya Italia na hajui kwamba ajabu hii iko nchini mwake.

Ni kweli kwamba lava ndiyo inayoua watu wengi zaidi? (Msomaji, Gungu)

Hapana, mara nyingi lava hutambaa polepole na mtu huweza kuikwepa, isipokuwa ile nyepesi sana, kama ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma huko Kongo, iliyowakuta watu mwezi Januari 1977.

Binti yangu amefaulu na anataka kusomea jiolojia. Ndugu zangu wanasema kazi ya kulala porini si ya msichana. Nimkataze? (Baba, Kasulu)

Usimkataze, mzee wangu. Mwaka 1960, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipokuja Gombe, hapa hapa Kigoma, akiwa na umri wa miaka 26, wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali akae msituni peke yake, ikabidi mama yake mzazi aje naye. Mama yule hakumzuia binti yake. Alifungasha mizigo wakaja pamoja. Na huko Kolombia, Mlima Galeras ulipolipuka tarehe 14 Januari 1993 na kuua watu tisa, sita kati yao wakiwa wanasayansi, wanajiolojia wawili wanawake, Marta Calvache na Patricia Mothes, ndio walioingia kwenye kreta, yaani shimo la kileleni, mlima ukiwa bado haujatulia, wakasaidia kuwatoa majeruhi. Wanaosema msichana hawezi kazi ya uwandani wanasema jambo ambalo milima yenyewe imekwisha kulikanusha.

Nilipokuwa nikifundisha jiografia, shule moja iliwapeleka wavulana Uvinza kuziona chemchemi za chumvi, na wasichana wakabakishwa kufagia uwanja kwa kisingizio cha usalama wao. Miaka imepita na bado nakumbuka nyuso zao. Ukitaka kumlinda binti yako, uliza mambo yanayomlinda kweli: je, chuo kina viatu vya kupandia milima, kofia ngumu na vinyago vya gesi vya kutosha, na je, msimamizi wa safari ana utaratibu wa kuwarudisha wanafunzi mlima unapobadilika? Na mwenye kuwanyanyasa wasichana kambini aripotiwe na kufukuzwa yeye, wasifukuzwe wao.

Ziwa Tanganyika linaweza kulipuka kama lile la Kameruni? (Msomaji, Mwandiga)

Ziwa Nyos, lililoua watu wapatao 1,700 mwaka 1986, limekaa ndani ya kreta ya volkano na lilikuwa limejaa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ziwa letu ni ufa wa ardhi uliodidimia na kujaa maji, lenye kina cha mita 1,470 hivi, na Kigoma haina volkano. Ziwa la kuangaliwa ni Kivu, ambalo vilindi vyake vina akiba kubwa ya gesi hiyo pamoja na methani. Maelfu ya miaka iliyopita, volkano za Virunga ziliziba njia ya maji ya huko kuelekea kaskazini, yakapanda hadi yakapata njia ya kusini, na ndiyo maana Mto Ruzizi unatuletea maji ya Kivu hadi leo. Hatari yetu sisi ni tetemeko la ardhi; kwa hiyo, mnaopandisha kuta za matofali bila nguzo wala mkanda wa zege, acheni.

Nakwenda Goma kibiashara mara kwa mara. Nijihadhari na nini? (Mfanyabiashara, Katonga)

Sikiliza taarifa za wataalamu wa volkano wa huko kuliko uvumi wa sokoni, kwa maana Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Jihadhari pia na mazuku, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo na mashimo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu, na hujikusanya zaidi usiku na alfajiri upepo unapotulia. Usilale wala kuchuchumaa mahali palipodidimia, na ukiona mbuzi au ndege wamekufa shimoni bila jeraha, rudi ulikotoka. Ukimwona mtu ameanguka humo, usishuke kumwinua, kwa kuwa utaanguka juu yake. Ita watu, mvuteni kwa kamba kutoka juu.