Alps kwa bajeti ndogo: ushauri kwa wawili wanaotaka kuendesha gari kwenye theluji

Safari ya gari kwenye milima ya Alps wakati wa baridi ina sifa ya kumaliza pesa, na sifa hiyo ni ya haki kwa anayekwenda mbio. Mimi na mume wangu tuliizunguka sehemu ya mashariki: tukaanzia Munich kusini mwa Ujerumani, tukapita Tyrol ya Austria, tukavuka hadi South Tyrol kaskazini mwa Italia, kisha tukarudi kwa njia nyingine. Nilichokiona ni kwamba huko karibu kila tozo ni bei ya kuwahi. Handaki, barabara kuu na hoteli iliyo mlangoni mwa miteremko ya kuteleza, vyote vinauza muda. Kama mna siku za kutosha na hamna miadi, mnaweza kuviacha vingi na msikose chochote cha kutazama.

Anzeni na tarehe, kwa sababu hakuna punguzo litakalozidi hilo. Kuanzia Krismasi hadi sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, bei za vyumba huwa juu kabisa. Baada ya hapo hushuka, hadi likizo za shule za Februari zinapoanza. Katikati ya Januari theluji ipo ya kutosha na vijiji vimetulia. Baridi ndiyo kali, hilo sikatai.

Safirini pia katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili za msimu wa kuteleza, barabara kuu ya Brenner, inayovuka milima kati ya Austria na Italia, hujaa, na mamlaka za Tyrol hufunga njia nyingi ndogo za pembeni kwa magari yanayopita tu, ili watu wasikimbie foleni kwa kukatiza vijijini. Polisi humrudisha asiyeishia hapo. Maana yake ni kwamba njia za bure ninazozisifu hapa chini ni za Jumanne na Jumatano.

Sasa gari. Chukueni dogo, lakini kwenye matairi msibane senti. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi linahesabika kuwa la baridi pale tu linapokuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Austria hutaka matairi ya baridi kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili hali ya barabara inapokuwa ya theluji, tope la theluji au barafu, na kina cha meno yake kisipungue milimita 4. Kabla hamjatia saini, inameni muitafute alama hiyo kwenye matairi yote manne. Ulizeni pia kama mkataba unaruhusu kuvuka mipaka, na kama ada ya matairi imo kwenye bei mliyooneshwa mtandaoni au itajitokeza mezani.

Dereva wa pili huongezwa kwa ada ya kila siku, na kwa safari ndefu ada hiyo hukua. Sisi tuliandikisha jina langu peke yake. Iliwezekana kwa kuwa hatukuendesha saa nyingi: katikati ya baridi giza huingia mnamo saa kumi na moja jioni, na katika mabonde yenye kuta ndefu jua hupotea mapema zaidi. Tulikubaliana kwamba ikifika saa tisa alasiri gari liwe limeegeshwa. Barafu nyembamba ile isiyoonekana kwenye lami hujitengeneza jua likishaondoka, na kwa dereva mmoja aliyechoka huo ndio wakati wa kuwa ndani.

Minyororo ya matairi ifungeni kwanza mahali pakavu, mchana, mkiwa na subira. Hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta gari, ambayo kwa magari mengi madogo ni ya mbele, na ukishaifunga usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiona kibao cha duara cha bluu chenye picha ya tairi lililofungwa mnyororo, hiyo ni amri. Usiku acheni gari kwenye gia bila kuvuta breki ya mkono, kwani inaweza kuganda, na nyanyueni waipa zisigandie kioo. Maji ya kuoshea kioo yawe ya kustahimili baridi. Na hili lisichukuliwe kwa wepesi: mkikwama kwenye theluji huku injini inaunguruma, hakikisheni bomba la moshi halijafukiwa. Moshi ukirudi ndani ya gari unaua bila harufu ya kuwashtua. Koleo dogo na blanketi ndani ya buti ni gharama ndogo.

Njia yetu ilipita Garmisch-Partenkirchen, chini ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, kisha Mittenwald na Seefeld hadi Innsbruck. Ukibaki kwenye barabara hiyo huhitaji stika ya kulipia barabara kuu za Austria. Ina jambo moja tu la kulipa heshima: mteremko wa Zirler Berg, unaofika asilimia 16, wenye njia za dharura za kunasa magari yaliyoishiwa breki. Shuka kwa gia ndogo tangu juu kabisa. Ukingoja mpaka breki zianze kunuka umechelewa.

Kutoka Innsbruck hadi Brenner, mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, kuna njia mbili. Barabara kuu ina tozo yake ya zaidi ya yuro 10 kwa kupita mara moja. Ya zamani, B182, ni bure na inakwenda polepole kupitia vijiji. Kutoka huko chini ndipo unapoliona daraja la Europabrücke, lililokamilika mwaka 1963, likikatiza bonde kwa kimo cha mita 190. Waliolipa wanapita juu yake bila kuliona. Tulisimama kwa muda mrefu tukiwatazama, na nakiri niliona raha kidogo.

Jambo linalowaponza wengi ni kupanga njia mwezi wa nane. Ramani ya simu wakati huo itakupitisha njia za juu milimani kama Stelvio, mita 2,757, au Timmelsjoch, au barabara ya Grossglockner, na zote hufungwa majira ya baridi. Zinazobaki wazi ni Brenner, Reschen, na katika milima ya Dolomites ya Italia, Sella na Gardena zilizo juu ya mita 2,000, ambazo husafishwa kwa sababu ya watelezaji. Hata hizo hufungwa theluji ikizidi. Kila asubuhi someni taarifa ya pamoja ya maporomoko ya theluji ya Tyrol, South Tyrol na Trentino: ina ngazi 1 hadi 5, na bei yake ni sifuri. Palipo na kibao cha maporomoko msisimame kupiga picha, hata kama mandhari inawaita.

Hapo ndipo inapokuja kanuni niliyoiona na faida kuliko zote kwa watu wawili ndani ya gari moja: wa kwanza kusema turudi, tunarudi, na mjadala unasubiri mpaka gari liegeshwe. Tukipanda kuelekea Sella ukungu ulishuka ghafla. Mimi nilikuwa naiona barabara vizuri tu. Mume wangu, aliyekaa upande wa korongo, akasema, "Mama, mimi naomba turudi." Nilitafuta mahali papana nikageuza. Nilikuwa na hoja zangu, nazo niliziweka mpaka tulipokuwa tunakunywa kahawa, na kufikia hapo hazikuwa na nguvu tena.

Siku hiyo iliyobaki tuliipeleka Bolzano, kwenye makumbusho anakohifadhiwa Ötzi, mtu aliyegandia kwenye barafu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Huwekwa kwenye nyuzi joto kama 6 chini ya sifuri, na hutazamwa kupitia kidirisha. Waliomwona kwanza, tarehe 19 Septemba 1991, walikuwa mume na mke, watalii wa Kijerumani Helmut na Erika Simon, wakitembea milimani kwenye mita 3,210. Tiketi ya mahali kama hapa wekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa ajili ya siku milima itakapowakatalia.

Malazi tafuteni bondeni, kwenye miji ya watu wanaofanya kazi zao za kawaida, na chumba kiwe na jiko. South Tyrol nyumba nyingi za wageni huwapa wateja kadi ya kupanda mabasi na treni za mkoa bila malipo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipia. Sisi siku nyingine gari halikuwashwa kabisa. Seiser Alm, uwanda mpana wenye mandhari ya kushangaza, magari binafsi hayaruhusiwi kuingia kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, hivyo anayepanda basi hana anachomwonea wivu mwenye gari kubwa. Ununuzi wa chakula ufanyike Jumamosi, kwani Jumapili maduka makubwa ya Ujerumani na Austria hufungwa. Chupa ya chai ya moto itawaokoa kwenye vituo ambako kikombe kimoja ni bei ya mlo.

Kurudi, pandeni kwa Reschen, mita 1,504, iliyo bure na wazi mwaka mzima. Kando ya barabara kuna ziwa lililotengenezwa mwaka 1950 kwa kukizamisha kijiji cha Graun, na mnara wa kanisa lao wa karne ya 14 bado umesimama ukitokeza kwenye barafu. Kutoka hapo mnashuka Landeck, kisha mnarudi Ujerumani kwa Fernpass, ambayo tulipopita haikuwa na tozo. Jazeni tangi upande wa Austria, ambako mafuta kwa kawaida ni nafuu kuliko Ujerumani na Italia. Tulipokuwa huko, vituo viliruhusiwa kupandisha bei mara moja tu kwa siku, saa sita mchana, kwa hiyo fikeni pampu saa tano na nusu.